Hepa na Mbogi, Usihepe Solo

Kila Januari kuna msee anaposti ati amechoka na mtandao, anafunga akaunti, mwenye anamtaka amtafute kwa ground. Wasee wanamrushia mioyo kwa komenti, wengine wanasema hata wao wako karibu kufunga. Februari haijaisha, jamaa amerudi. Na akirudi anarudi ameinama, ju ameshaamini ati kukaa nje kulimshinda ju hana msimamo.

Hiyo aibu si yake, na leo nataka aitue. Kudiliti apu ni sekunde mbili. Kazi iko kwa watu: mathe, chama, kastoma, beshte wa tangu shule. Hao hawadilitiki, na wote wako ndani. Ukiniuliza kama mtu anaweza kuchagua kutoka WhatsApp, TikTok, Instagram ama X, jibu langu ni hili: ukiwa solo ni ngumu sana, mkiwa mbogi inawezekana. Na kuna mahali sheria inafaa itusaidie, ju mbogi nayo inachoka.

Mbona mtu atake kutoka

Sababu ziko, na ni za ukweli. Masaa zinaisha ukiskroli. Usingizi unaisha. Unaangalia maisha ya wasee wengine mpaka yako inaanza kukaa kama haijaanza. Halafu kuna mambo ya mwenye mali. Meta iko na Facebook, iko na Instagram tangu 2012, iko na WhatsApp tangu 2014. Ukikasirikia moja ukahamia ingine, umebadilisha keja tu, landlodi ni yule yule.

Na kuna sababu ingine iko hapa kwetu Nai. Kwa miaka, video za damu na dhuluma zenye Facebook haikutaka uone zilikuwa zinachujwa na vijana wamekaa ofisini Nairobi, wameandikwa na kampuni inaitwa Sama. Mmoja wao, Daniel Motaung wa Afrika Kusini, alipeleka Meta na Sama kortini hapa Mei 2022, akisema hiyo wera ilimuumiza akili. Mwaka uliofuata, wachujaji wengine zaidi ya 180 wakaenda kortini pia. Meta ikasema korti ya Kenya haina nguvu juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikasema kesi zinaweza kusikizwa hapa hapa. Kwa hivyo ile fidi yako safi imesafishwa na mtu, na huyo mtu anaweza kuwa alikuwa jirani yako.

Msee akijua hayo yote na bado akae ndani, si ati hajali. Kuna kitu imemshika.

Grupu ndio kufuli

Cheki ni nini imejazwa ndani ya WhatsApp. Grupu ya ploti, penye keateka anatangaza maji imekatwa. Grupu ya chama, penye meseji za M-Pesa zinapostiwa ndio kila mtu aone nani ametoa na nani anazubaa. Grupu ya klasi, penye notisi inatupwa ati lekcha imesongeshwa. Grupu ya wera za mkono, penye mjengo ukihitaji watu, wanaokuwa onlaini ndio wanaitwa. Grupu ya familia, penye matanga ya ushago inapangwa, kamati inachaguliwa na mchango unahesabiwa jina kwa jina.

Ukitoka, hakuna mtu atakupigia kukuambia mazishi imesongeshwa hadi Jumamosi. Hawakuchukii. Wameshatuma kwa grupu, na kwa akili yao kutuma kwa grupu ni kuambia watu wote. Hapo ndio mtandao unageuka kutoka kitu ya kujibamba na kuwa kitu ya kuishi nayo, kama maji na stima. Hujawahi kusaini mahali ati matanga ya guka itapangiwa kwa apu ya Mmarekani. Watu walijipata huko mmoja mmoja, na siku moja ikawa ndio njia pekee.

Ongeza maneno ya ganji. Kampuni za simu zimekuwa zikiuza bundles za WhatsApp pekee, bei ya chini kuliko data ya kawaida. Msee akisota, hizo ndio anabuy. Hizo bundles hazifungui apu ingine ya meseji kama Signal. Ukimwambia ahamie Signal ju ya siri zake, unamwambia aongeze doo ndio aongee na mtu mmoja, na huyo mtu ni wewe. Telegram nayo imewahi kukwama kwa laini za Kenya msimu wa mtihani wa KCSE, Novemba 2023 na tena Novemba 2024. Sasa shosho mwenye alijifunza WhatsApp kwa shida, utamhamisha aende wapi?

Bei ya kutoka

Kuna risachi moja ya Marekani inaonyesha hii kitu kwa namba. Leonardo Bursztyn na wenzake, 2023, waliuliza zaidi ya wanafunzi 1,000 wa chuo: tukulipe ngapi ndio ufunge TikTok wiki nne, wengine wakiwa wamebaki ndani? Jibu la wastani lilikuja dola 59. Instagram, dola 47. Halafu wakabadilisha swali: na kama wenzako chuoni watafunga pamoja na wewe? Hapo hesabu ikapinduka. Sasa wanafunzi walikuwa tayari kutoa doo zao wenyewe, kama dola 28 kwa TikTok na dola 10 kwa Instagram, ndio wote watoke pamoja.

Soma hiyo tena pole pole. Ni wasee wale wale, na apu ni ile ile. Wako ndani ju wengine wako ndani, na wengi wao wangefurahi kama hiyo kitu haikuwa. Kila mmoja anangojea mwingine atangulie, na kila mmoja anaona huyo mwingine amekaa, anadhani anajibamba.

Na wenye walitoka walipata nini? Risachi ingine, ya Hunt Allcott na wenzake, ililipa watu wafunge Facebook wiki nne kabla ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2018. Walipata karibu saa nzima kwa siku. Walikaa zaidi na familia na mabeste. Mudi yao ilipanda kidogo. Lakini walijua habari kidogo kuliko wenye walibaki. Hiyo ndio picha kamili: unapata, na unapoteza. Halafu ikaonekana ati hata baada ya wiki nne kuisha, wengi walitumia Facebook kidogo kuliko zamani. Kwa hivyo kupumzika si bure. Kunabadilisha mtu.

Sisi wenyewe tulionjeshwa hiyo kitu bila kuomba. Oktoba 4, 2021, Facebook, Instagram na WhatsApp zilizima pamoja kama masaa sita. Watu wakapiga simu. Wakaandika SMS. Wakajaa Twitter kuulizana. Biashara nyingi ziliumia, hiyo siwezi ficha. Lakini kwa hayo masaa hakuna mtu aliachwa nyuma na grupu, ju hakukuwa na grupu. Kila mtu alikuwa nje pamoja.

Uganda walifungiwa mlango, wakapitia dirishani

Mtu anaweza kusema basi serikali ifunge, tutazoea. Majirani wetu walipitia hiyo. Julai 2018 Uganda ilianzisha kodi ya OTT, shilingi 200 za Uganda kwa siku ndio ufungue Facebook, WhatsApp ama Twitter. Wasee wakaweka VPN, apu ya kuzunguka kizuizi. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, Facebook ilitoa akaunti zenye ilisema zimeungana na serikali, na Rais Museveni akafunga Facebook nchi nzima. Kodi ya OTT ilitolewa Julai mwaka huo, ikaletwa ushuru wa asilimia 12 kwa data. Facebook ikabaki imefungwa, miaka ikapita.

Na bado watu waliingia. Mwenye anauza nguo Kampala alikuwa na kastoma huko, na shangazi yake wa ng'ambo alikuwa huko. VPN inakula bundles na inachelewesha simu, lakini kupoteza kastoma inauma zaidi. Kama kodi na amri ya rais haziwezi kutoa watu penye watu wao wako, usijilaumu ati wewe peke yako, na azimio la Januari, ulishindwa.

Ona pia Januari 2021, WhatsApp ilipoleta masharti mapya ya data. Dunia ilikasirika. Watu walikimbilia Signal mpaka Signal yenyewe ikalemewa ikazima. WhatsApp ikasongesha siku ya mwisho kutoka Februari 8 hadi Mei 15. Na Mei ilipofika, wengi walikuwa wamebonyeza kubali. Hasira ilikuwa ya ukweli, lakini kila mtu alihama na saa yake. Uliingia Signal Jumatatu ukakosa watu, beshte yako akaingia Jumamosi akakukosa. Hakuna mtu aliita mbogi ikae chini ikubaliane siku.

X, na sauti yenye inasikika

X inahitaji maelezo yake. Elon Musk alibuy Twitter Oktoba 2022 kwa dola bilioni 44, na Julai 2023 akabadilisha jina. Huko majuu wengi walihamia Mastodon, Threads na Bluesky. KOT, yaani Wakenya wa Twitter, ilibaki, na Juni 2024 ilionyesha ni kwa nini.

Finance Bill, ule mswada wa kodi, ilichambuliwa kwa TikTok na lugha za nyumbani ndio hata mzee wa ocha aelewe. Ikajadiliwa usiku kwa Spaces za X, vile vikao vya sauti, maelfu wakisikiza. Juni 25 vijana wakafika Bunge, na siku hiyo hiyo intaneti ikalemaa. Wasee walipoteza maisha, na majina yao yalikusanywa na kukumbukwa huko huko mtandaoni. Juni 26 Rais Ruto akasema hatatia saini. Julai 5 akaingia X Space mwenyewe kujibu vijana.

Sasa kijana mwenye aliona hayo, umwambie X imeharibika ahamie Bluesky? Wakubwa wengi hawako Bluesky. Ukiwa unapigania kitu, unaenda penye mwenye hataki kukusikiza atalazimika kusikia.

Lakini pia hapo ndio panauma. Desemba 2024 vijana kadhaa wenye waliposti picha za kumkejeli Rais walitekwa nyara, wakaachiliwa Januari. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na bloga, alikamatwa nyumbani Homa Bay ju ya posti kuhusu mkubwa wa polisi, na akafa akiwa mikononi mwa polisi, kituo cha Central, Nairobi. Kwa hivyo kukaa kuna bei, na ingine ni ya damu. Mwenye anaamua kunyamaza ama kufunga akaunti baada ya hayo, sitamuita mwoga. Mwenye anabaki, namsalimia na heshima.

Nani anaweza chagua

Tuseme ukweli mwingine. Kutoka ni rahisi kwa mwenye ameshaomoka. Bosi mwenye ako na sekretari, simu yake ikizima kazi inaendelea. Dem mwenye anaenda Gikomba saa kumi na moja asubuhi kuchagua kamera, zile mitumba safi, anapiga picha, anaweka kwa Instagram na kwa WhatsApp status, duka lake ni hiyo simu. Hana renti ya stoli tao. Ukimwambia adiliti, umemwambia afunge duka.

Ndio maana hizi mahubiri za kuacha simu zinanichoma. Zinaongea kama kila mtu ako ndani kwa raha zake. Wengi wako ndani ju ya unga. Mwenye anataka kusaidia vijana watoke aanze kuuliza unga itatoka wapi.

Tulishahama mbeleni

Hii haimaanishi tumefungwa milele. Wenye walikuwa na simu kabla ya hii mambo ya status wanakumbuka 2go. Wanakumbuka BBM, na venye kuwa na pini ilikuwa heshima. BBM ya kawaida ilizimwa Mei 2019. Wabrazil walikuwa wamejaa Orkut, na Google ikaifunga Septemba 2014. Zote zilionekana kama hazitaisha.

Watu walitoka 2go bila kuhubiriwa. Mabeste wawili wa karibu walihamia WhatsApp, halafu watano, halafu siku moja ukaona ukibaki utabongesha ukuta. Kile kinatushika ndani ndio kile kile kilituhamisha: watu wetu. Mbogi ikisonga, apu inabaki gofu.

Daraja, tushajenga hapa

Na kuna njia ya tatu, yenye Kenya inajua kuliko nchi nyingi. Aprili 2011 tulipewa ruhusa ya kuhama laini na namba yako. Ungetoka Safaricom uende Airtel na bado uitwe kwa namba ile ile. Wachache sana walihama. Ju ya nini? Namba ilihama, lakini M-Pesa haikuhama na wewe, na kwa M-Pesa ndio watu wako walikuwa. Kabla ya 2018, ukitumia mtu wa Airtel doo kutoka M-Pesa, alikuwa anapata code kwa SMS, anaenda nayo kwa ajenti wa M-Pesa ndio atoe. Aprili 2018 waleti zikaunganishwa, doo ikaanza kuingia moja kwa moja.

Leo mtu wa Airtel anapokea doo kutoka kwa mtu wa M-Pesa na hakuna mwenye anashangaa. SMS inavuka. Simu inavuka. Barua pepe ya Gmail inafika Yahoo. Lakini hapa kwetu meseji ya WhatsApp inakataa kuvuka, na hiyo ni uamuzi wa kampuni. Si sheria ya dunia. Umoja wa Ulaya umeshaliona: sheria yao ya masoko ya kidijitali, yenye kampuni kubwa zilianza kubanwa nayo Machi 2024, inalazimisha WhatsApp na Messenger kufungulia apu zingine zikiomba. Huko mtu anaweza kufika mahali akatoka WhatsApp na bado aongee na mathe mwenye amebaki.

Sisi tuko na nusu ya hiyo kitu kwa vitabu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ya kuchukua data yako na kuipeleka kwingine. Lakini data yako bila mabeste wako ni albamu ya picha tu. Kile tunafaa kudai kwa wabunge wetu ni daraja: apu kubwa ilazimishwe kuongea na apu ndogo, venye M-Pesa na Airtel Money zinaongea. Mwenye anasema haiwezekani aangalie simu yake mwenyewe.

Ukitaka kuhepa, panga hivi

Daraja likingojewa, kuna vitu mbogi inaweza kufanya hii wiki.

Anza na grupu ndogo yenye unapenda. Usianze na familia ya watu 80. Chukua wale mabeste wanne, mkubaliane siku moja, saa moja, wote mwingie apu mpya mkiwa mmekaa pamoja. Grupu ya zamani muifunge siku hiyo hiyo, ju ikibaki wazi watu watarudi huko na mazoea.

Chukua namba za watu. Wengi wetu tuko na marafiki wenye tunajua tu jina lao la Instagram. Akaunti ikifungwa kesho, huyo mtu amepotea. Muombe namba leo, umpigie, msikizane sauti.

Kama unauza, kusanya kastoma kwa daftari yako. Jina, namba, saizi anavaa. Weka namba yako kwa kila mfuko unatoa. Wafuasi 10,000 ni wa TikTok. Hao 100 kwa daftari ni wako, na siku akaunti ikipigwa chini utaweza kuwaandikia SMS.

Kama wewe ndio admini wa chama ama wa ploti, hapa nakuongelesha kwa heshima: matangazo makubwa yatume na SMS pia. Mazishi, maji, mkutano. Kuna mtu mmoja kwa hiyo orodha angependa kupumzika na anaogopa kukosa. Ukituma SMS, umempa uhuru wenye hakuna kampuni itampa.

Na unaweza kutoka nusu. Baki na WhatsApp ya chama, toa TikTok kwa simu. Fungua X kwa kompyuta ya saiba, si kitandani. Zima notifikesheni zote isipokuwa za watu wenye wakikuita usiku utaamka. Nusu si kushindwa. Wale Wamarekani wa 2018 walirudi Facebook, lakini walirudi wakiwa wanaishika. Mbeleni ilikuwa imewashika.

Yule msee wa Januari asiposti tena ati anatoka. Atume kwa wale wanne wake: tunahama lini, na tunahamia wapi? Wakikubaliana siku, hiyo ndio siku ya kwanza wamechagua wenyewe. Halafu wanne waalike wengine wanne, na wote pamoja waandikie mbunge wao kuhusu daraja. Kampuni ya mabilioni haiogopi mtu mmoja akidiliti. Inaogopa mbogi yenye imejua inaweza kusonga.